Uwanja wa Manispaa bila manispaa

Mombasa haina manispaa tangu 2013, serikali ya kaunti iliposhika hatamu. Lakini uwanja wetu mkubwa bado twauita wa Manispaa. Ulibomolewa ujengwe upya, kazi ikasuasua miaka na miaka, na mwanasiasa yeyote akionekana pale na kofia ya fundi, mimi humshuku kuwa anatafuta pa kuandika jina lake.

Asipewe. Na kampuni isiuziwe. Safaricom ililipia jina lake libandikwe uwanja wa Kasarani, Nairobi, mashabiki wakaendelea kusema "twenda Kasarani". Hata Moi, aliyemo katika jina rasmi tangu 1987, makanga wa matatu hamtaji. Coca-Cola nayo ilijaribu uwanja wa Nyayo mwaka 2009, mpango ukavunjika upesi.

Tazama Mbaraki, hapa hapa kwetu. Uwanja ni wa Mamlaka ya Bandari na timu ni Bandari, lakini jina lililoshika ni la mtaa, ule wenye mnara wa kale uliojengwa kabla mpira haujatua kisiwani. Hakuna kikao kilichokaa kuliamua.

Mbaraki hiyo hiyo ndiyo inayoniuma. Mwaka 2019 Bandari ilitwaa ngao ya Kenya, ikaingia Kombe la Shirikisho Afrika, kisha, kwa kuwa Mbaraki haikufaa, ikalazimika kuchezea mechi za nyumbani Kasarani. Mtu wa Likoni asafiri karibu kilomita 500 kwenda "nyumbani"! Kwa hiyo nyasi, taa, viti na vyoo vitangulie. (Vyoo hasa. Waliowahi kupeleka watoto mpirani wanajua.)

Jina lifuate, na hapo sina haya kusema nimtakaye. Feisal, timu ya Mombasa, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na Ali Kajo alikuwa mshambuliaji wake. Vijana wanaovaa jezi za Arsenal hapa Majengo wengi hawajawahi kumsikia, na siwalaumu, kwani wangemsikia wapi? Hatujampa hata ukuta.

Jukwaa kuu liitwe Ali Kajo, na mlango wa wachezaji uitwe Feisal 1965. Uwanja wenyewe uitwe Mombasa, basi. Bunge la kaunti lilipitishe hilo kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto, maana zikianza, kila ukuta mtupu utakuwa na mgombea wake.