Chipu ya Hamsini, Jina la Sitini

Juzi baada ya Isha mpwa wangu alinijia hapa Ngamiani, Tanga, na baiskeli yake, begi mgongoni. Ndani ya begi mlikuwa na kadi yake ya grafiki, kaizungushia khanga ya mamake isipate vumbi. RTX 3060 ya kampuni ya Nvidia, ile ya VRAM (memori ya kadi yenyewe) 12GB. Kijana anahariri video za harusi, na tangu Mfungo Mosi uingie hajapumzika.

"Mjomba, nimepata mtu wa kuinunua hii. Nikiongeza laki tatu nachukua 4060 mpya. Wasemaje?"

Nikamwambia airudishe kwenye mashine usiku uleule. Hakunielewa. "Kwani 4060 si kubwa kuliko 3060?" Swali hilo limenikaa kifuani siku tatu sasa, kwa sababu si kosa lake kuliuliza. Namba imewekwa pale ili aulize hivyo. Na yeye ni mtu wa nne kunijia na shauri hilohilo mwaka huu.

Jamani, tusome kilichomo ndani ya kadi, tuache maandishi ya boksi. 3060 ilitoka Februari 2021 kwa dola 329. 4060 ikaja Juni 2023 kwa dola 299. Miaka miwili na ushei imepita hapo katikati. Kwenye gemu nyingi za 1080p, ubora wa skrini za kawaida, mpya inaizidi ya zamani kwa kitu kama asilimia 15 hadi 20, bila fremu za kubuni, yaani picha ambazo kadi hujibunia katikati ya picha halisi ili gemu ionekane laini. VRAM imeshuka kutoka 12GB hadi 8GB. Njia ya memori, ile barabara ya data kati ya chipu na memori, imeshuka kutoka biti 192 hadi 128, na kasi ya memori kutoka GB 360 kwa sekunde hadi 272. Ndugu yake, 4060 Ti, ndiye wa kusikitisha zaidi: bei ileile ya dola 399 ya 3060 Ti, njia ya memori imekatwa nusu kutoka 256 hadi 128, na ukipanda hadi 4K, picha zenye nukta nyingi zaidi, zipo gemu ambamo ya zamani inaipita.

Kwa nini mtu aondoe kadi sokoni aweke nyingine inayokimbia karibu sawa nayo? Mwenye kukata kashata anaijua sababu. Chipu hukatwa kutoka sahani ya duara ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300, na kiwanda hulipia sahani nzima, kama mpishi anavyolipia sinia zima: nazi, sukari, mkaa. Ukikata vipande vikubwa unapata vichache, na chembe moja ya kifuu ikiingia, kipande kizima kinatupwa. Ukikata vidogo unapata vingi, na chembe ileile inakuharibia kidogo. Chipu ya 3060 ina milimita za mraba 276. Ya 4060 ina takriban 159. Kwa hesabu ya eneo tupu, sahani moja inatoa kama 250 za kwanza na zaidi ya 400 za pili, kabla hujatoa za pembezoni na mbovu. Sahani ya TSMC, kiwanda cha Taiwan, ya teknolojia mpya ni ghali kuliko ile ya Samsung iliyozaa 3060, hilo sibishi. Lakini teknolojia mpya ilimpa Nvidia nafasi ya kuchagua: chipu ya ukubwa uleule yenye kasi kubwa zaidi, au chipu ndogo yenye kasi ileile. Akachagua ndogo, kisha akaipa jina la kubwa.

Hapo kwenye jina ndipo damu inaponichemka. Kila chipu ina jina lake la kiwandani. 1060 ya mwaka 2016 ilibeba GP106. 2060 ya 2019 ilibeba TU106. 3060 ilibeba GA106. Vizazi vitatu, sita mwisho. 4060 inabeba AD107. Na saba mwisho tunaijua ilikokuwa: GP107 ndiyo iliyokuwa ndani ya GTX 1050. Chipu ya daraja la chini imevalishwa joho la daraja la kati, nasi tumeambiwa mwenye cheo ni yuleyule.

Chipu ndogo haina pembeni ya kutosha kupitisha njia pana ya memori. Kila kipande cha memori kinachukua biti 32. Biti 128 ni vipande vinne. Kila kimoja 2GB, jumla 8GB. Biti 192 ni vipande sita, jumla 12GB. Ndiyo maana 12GB haikurudi kwenye 4060: njia yenyewe haikuwapo tena, labda waongeze vipande upande wa pili wa bodi hadi 16GB, na hiyo waliiuza kwa jina la Ti, dola 499.

Huku kwetu jambo hili linauma mara mbili. Mashine zetu nyingi ni mitumba ya maofisini, zenye PCIe, ile soketi ya kuchomekea kadi kwenye bodi, ya kizazi cha tatu. 3060 inatumia njia zote 16 za soketi. 4060 inatumia 8. VRAM ya 8GB ikijaa, data inafurika kwenda RAM kupitia njia 8 zile, kwenye bodi ambayo kila njia ina nusu ya kasi ya bodi mpya. Mpwa wangu anaweka kamera tatu za 4K kwenye timelaini moja, rangi juu yake na kuondoa chenga juu yake tena. Nimeiona VRAM yake ikifika 10GB kwa macho yangu. Nani atamwambia mama wa bwana harusi kwamba video imechelewa kwa sababu ya upana wa njia ya memori?

Haya, nikubali ya kukubali. 4060 inakula wati 115, nyingine 170. Kwa mtu mwenye LUKU na pawa saplai ya mtumba, hiyo si haba, na chumba kinapoa. Kashe yake, memori ndogo ya haraka ndani ya chipu, ni kubwa, megabaiti 24 dhidi ya 3 za 3060, ndiyo inayoiokoa na ufinyu wa memori. Inatoa video za AV1, mfumo mpya wa kubana video. Mtu asiye na kadi kabisa, anayecheza gemu za 1080p, akiipata kwa bei nzuri sitamkataza.

Fremu za kubuni, msinitajie. Haziharakishi kueksipoti harusi hata kwa dakika moja.

Na AMD, washindani wa Nvidia, msiwape shahada ya uadilifu. Kadi yao RX 480 ya 2016 ilirudi 2017 kwa jina la RX 580, chipu ileile imekazwa kidogo. 6600 XT na 6650 XT vilevile, chipu moja. Kabla ya hapo 8800 GT ya Nvidia iligeuka 9800 GT. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Kadi hizi zinaondoka leo na kurudi leo, shati jingine.

Kitu kimoja tu kimebadilika tangu enzi hizo: mnunuzi wa kati hana uzito tena. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia iliingiza zaidi ya dola bilioni 115 kwenye vituo vya data, na kama bilioni 11 kwenye gemu. Kila sahani inayokatwa chipu za harusi zetu ingeweza kukatwa chipu za akili mnemba. Mei 2025 ikaja 5060: dola 299, memori ya kasi zaidi, njia ya biti 128, VRAM 8GB. Kizazi cha pili mfululizo.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "mpya ni ipi". Uliza VRAM ngapi, njia ya memori biti ngapi, soketi inatumia njia ngapi. Muuzaji akikujibu kwa namba ya jina tu, toka.

Laki tatu ile tumekubaliana ikanunue SSD na kuongeza RAM. Jana usiku alinitumia ujumbe: harusi ya Makorora imeeksipotiwa, na khanga kamrudishia mamake.