Mzee wa Suti wa Kariakoo

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, mwenye macho mazima na mdomo mzima zaidi, amekwisha kutangaza katika makundi yote ya WhatsApp kwamba nimemvunja mzee wa watu mkono Kariakoo, nalazimika kueleza. Mkono ulitoka, sikatai, lakini nisikilizeni ulitokaje.

Nilikuwa naelekea kituo cha mwendokasi, fimbo nyeupe mkononi, nikifuata vile vigae vyenye mistari ambavyo wengi wenu hudhani ni mapambo. (Ndugu wafuasi, si mapambo: vigae vya namna hiyo vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965. Mistari hutuambia tuendelee, vinundu hutuambia tusimame.) Mistari iliniambia niendelee, nikaendelea, hadi fimbo ilipogonga kiatu.

"Shikamoo, mzee," nilisema, kwa sababu nilipomgusa bega kumwomba radhi nilikuta koti la suti lililopigwa pasi, na anayevaa suti Kariakoo saa saba mchana hawezi kuwa kijana mwenzangu. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti ya kuitia abiria wa daladala. Kimya. Nikamweleza kwa upole kwamba amesimama juu ya njia yetu, kisha, kwa kuwa sina kinyongo, nikamwomba anifikishe kituoni, nikamshika kiwiko kama tulivyofundishwa, maana asiyeona ndiye hushika kiwiko cha anayemwongoza, haburutwi kama mbuzi wa Idi.

Kiwiko kilikuwa kigumu. Nikavuta kidogo. Bega likalia "tak", kisha mkono ukaanza kuteleza taratibu ndani ya koti: kiwiko kikapita kiganjani mwangu, kikafuata kifundo, vikafuata vidole, kimoja baada ya kingine, hadi nikabaki nimeshika kitambaa kitupu huku kitu kikidunda chini. Nilipiga yowe, nikaomba msamaha na kutoa shahada, yote kwa pumzi moja.

"Kaka," muuzaji akasema, "huyo ni mdoli. Koti ni elfu thelathini."

Watu wakacheka, mama lishe akanipa maji, koti nikalikataa. Muuzaji, muungwana wa aina yake, alikubali kumwondoa mzee wake juu ya mistari. Nilipomaliza maji nikaendelea na safari, na hatua chache mbele fimbo ikagonga kiatu tena: alikuwa amemhamishia kwenye vinundu, pale tunapotakiwa kusimama kabla ya kuvuka barabara. Safari hii sikumsalimia.