Acheni kuchomoa betri gari likiunguruma

Nimechoka na kipimo cha kuchomoa teminali. Mnakijua. Gari linaunguruma, fundi anashika spana, analegeza teminali ya betri, anaing'oa. Injini ikiendelea: "Chaji iko poa, bosi." Ikizima: "Imekufa hiyo, tafuta nyingine." Kazi imeisha, na sisi watu wazima tumesimama pale tunatikisa vichwa kana kwamba tumeonyeshwa eksirei.

Juzi zamu ilikuwa ya mzee jirani yangu na Volkswagen Beetle yake ya 1970. Betri inalala kila baada ya siku chache, taa kubwa zinafifia, stata inavuta kivivu. Fundi akachomoa, injini ikazima, hukumu ikatoka: dainamo, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari, imeungua. Mzee akatoa hela, akafungiwa dainamo ya mtumba. Betri ikaendelea kulala.

Jamani! Beetle ile ina dainamo, siyo altaneta ya magari ya kisasa. Dainamo, mafuta yakiwa hayajakanyagwa, hutoa volti chache kuliko betri, na reguleta, kidhibiti chake cha umeme, huikata makusudi ili umeme wa betri usirudi ndani yake na kuiunguza. Muda huo koili inayopeleka moto kwenye plagi inakula betri peke yake. Ukiing'oa betri injini itazima tu, hata dainamo ingekuwa imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Sasa umepima nini?

Kwenye altaneta kipimo hichohicho kinadanganya kwa upande wa pili. Injini inaendelea, fundi anatabasamu, lakini betri ndiyo iliyokuwa inatuliza volti. Ukiitoa ghafla zinaruka juu, na hapo dayodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaweza kuungua. Ni kumng'oa mgonjwa dripu ili uone kama ni mzima. Altaneta iliingia gereji haina tatizo, inatoka inaumwa, na mwezi ujao mteja anarudi kununua nyingine. Biashara nzuri sana hiyo.

Mita ya volti, hata ile ya bei rahisi kabisa pale Kariakoo, haifiki bei ya hiyo dainamo. Betri yenye chaji iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 hivi. Ukikanyaga mafuta isome kati ya 13.8 na 14.4. Kwa mzee haikufika hata 13, basi tukaweka ncha moja ya mita kwenye injini yenyewe na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, taa kubwa zikiwaka, mafuta yamekanyagwa. Hapo unategemea karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya volti moja. Yaani umeme unazalishwa, njia ya kurudi ndiyo mbovu.

Tukaingia chini. Injini na gia boksi za Beetle zimekalia raba, kwa hiyo ethi, yaani hiyo njia ya umeme kurudi betrini, inategemea ukanda mmoja wa nyaya za kusuka kutoka gia boksi kwenda kwenye bodi. Wa mzee ulikuwa wa kijani, nyuzi nusu zimekatika, na boliti yake imekazwa juu ya rangi na kutu. Chumvi ya bahari haina huruma. Msasa mpaka chuma king'ae, ukanda mpya, na stata ikaamka siku hiyohiyo.

Sawa, nakubali: kuna siku dainamo huwa imekufa kweli, mara nyingi kaboni zake, vile vipande vinavyosuguana na sehemu inayozunguka, zimeisha. Hiyo nayo inapimika. Toa mkanda, chomoa nyaya zake, nguzo ya dainamo iliyoandikwa DF ipeleke kwenye ethi, iliyoandikwa D+ kwenye chanya ya betri. Ikizunguka kama mota, iache ilipo.

Mkanda ukikatika Beetle usijikaze ufike nyumbani. Ndio huohuo unaozungusha feni inayopoza injini. Taa nyekundu ikiwaka, simama.

Na wale mnaotaka kuhamia altaneta kwa sababu ya foleni za usiku, sitawazuia, ingawa roho inaniuma. Dainamo ya ampea 30 na foleni ya saa mbili taa zikiwaka haviivi. Ila ng'oeni ile reguleta ya zamani chini ya kiti cha nyuma kama altaneta ina yake ndani, na msiikate taa ya chaji eti inawasumbua macho. Altaneta nyingi huamshwa na umeme mdogo unaopitia kwenye balbu hiyo. Ikiungua, mtaambiwa altaneta mpya mbovu, na mtaombwa mnyanyue kiti cha nyuma ichomolewe betri.