Mashine ya treki nyingi au kompyuta: tunaangalia namba isiyo yenyewe

Mtu anayetaka kurekodi muziki nyumbani akiuliza anunue mashine gani ya treki nyingi, yaani chombo kinachorekodi kila ala au sauti kwenye njia yake (treki), mara nyingi jibu la kwanza ni kwamba asinunue kabisa. Kompyuta anayo, programu za kurekodi zipo hadi za bure, saundi kadi ndogo ya nje, yaani kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki na ala kwenye kompyuta, inatosha. Ya nini tena chombo kizima chenye vitufe na kioo kidogo? Jibu hilo lina nguvu. Lakini wanaolitoa huruka swali lililopaswa kutangulia: ni wangapi watapiga kwa pamoja?

Kompyuta ipewe haki yake. Ukitaka kufuta pumzi iliyosikika katikati ya mstari wa kuimba, kusogeza pigo la ngoma lililochelewa kidogo, au kujaribu miksi kadhaa kisha kurudi kwenye ya kwanza, kioo kikubwa na kipanya havina mpinzani. Kazi hiyo hiyo kwenye kioo cha mashine huumiza macho na kumaliza subira. Efekti za mashine nazo kwa kawaida ni zile zile ilizokuja nazo. Anayetunga peke yake, akipanga ala za kidijitali moja baada ya nyingine na kumalizia na sauti, sioni kwa nini ahangaike na mashine.

Wanaopiga ala kwa mikono, wawili watatu chumba kimoja, hao ndio wanaopewa ushauri usiowafaa.

Namba kubwa inayotangazwa kwenye mashine hizi ni ya treki inazoweza kuhifadhi na kuzicheza pamoja. Idadi inayoweza kurekodi kwa wakati mmoja ni nyingine, na ndiyo inayoamua kama bendi itaingia. Chukua mashine za kampuni ya TASCAM: DP-008EX ina treki 8, ila hurekodi 2 tu kwa mpigo. DP-24SD ina 24 na hurekodi 8. Ndugu yake mkubwa, DP-32SD, ana 32, na bado hurekodi 8 zile zile. Treki nane zilizoongezeka hazimwingizi mpigaji hata mmoja zaidi. Tena ukizichambua, DP-24SD ina treki 12 za mono (sauti moja) na 6 za stirio (kushoto na kulia, kila moja ikihesabiwa mbili), wakati DP-32SD ina za mono 8 na za stirio 12. Kwa anayerekodi maiki moja moja, kila moja mahali pake, ile yenye namba ndogo inaweza kumfaa zaidi. Hili halionekani kwenye tangazo, na mnunuzi asiyelijua hulipia ukubwa asioutumia.

Mfikirie mpiga dramu. Hata kwa uchache wa maiki utataka moja kwenye ngoma kubwa ya mguu, moja kwenye snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali), mbili juu kwa ajili ya matoazi na picha nzima. Hizo ni nne, kabla besi na gitaa havijachomekwa. Ukiwa na matundu mawili tu ya kuingizia sauti, lazima maiki hizo zichanganywe kwanza nje, na mchanganyiko huo ukishaingia hautoki. Kesho ukisikia snea imezama, huwezi kuinyanyua bila kunyanyua na vilivyo pamoja nayo. Sasa turudi kwenye ule ushauri wa saundi kadi ndogo: nyingi kati ya hizo zina matundu mawili. Kompyuta yako ikibeba treki mia, mlango wa kuingilia bado ni wa watu wawili. Ili ilingane na mashine ya treki 8 kwa mpigo, unahitaji saundi kadi ya matundu 8, na hapo ile hoja ya "kompyuta unayo tayari" inapoteza sehemu kubwa ya uzito wake.

Kuna na suala la sauti kuchelewa. Kompyuta hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, kwa mafungu kabla ya kuzishughulikia. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 256 ni karibu milisekunde 6. La 1,024 ni milisekunde 23, na sauti hupita foleni hiyo ikiingia na ikitoka. Mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma kiasi hicho hupoteza mdundo. Ni kweli saundi kadi nyingi hukuruhusu kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, lakini hapo hutasikia efekti zilizo ndani ya programu. Mashine iliyoundwa kwa kazi hii moja haikulazimishi kuchagua ukubwa wa fungu. Unabonyeza kitufe chekundu, mnapiga. Kwangu mimi hilo lina thamani kubwa, kwa sababu wimbo mwingi mzuri hufia kwenye dakika za kusubiri kompyuta iwe tayari huku wapigaji wakipoa.

Wengine huogopa nafasi ya kuhifadhi. Treki moja ya mono ya biti 24 (ukubwa wa kila sampuli) kwa kilohezi 44.1 (zile sampuli 44,100 kwa sekunde) hula karibu MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki nane ni kama MB 254, na kadi ya GB 32 hubeba zaidi ya saa nane za treki nane pamoja. Hofu nyingine, ya treki kuisha, ina umri mrefu. Mashine ya Portastudio 144 ya mwaka 1979 ilikuwa na treki nne tu kwenye kaseti: watu walijaza tatu, wakaziunganisha kwenye ya nne, wakaanza upya. Wakati ule kila uunganishaji uliongeza mvumo wa tepu. Mashine ya kidijitali haina adhabu hiyo. Kinachobaki ni kulazimika kuamua mapema, jambo ambalo wapangaji wengi wa muziki wangefaidika nalo.

Kwa hiyo kwa bendi ndogo ningechagua mashine ya kurekodi 8 kwa mpigo, na uhariri niufanyie kwenye kompyuta. Zoom R16, kwa mfano, hurekodi kwenye kadi na vilevile hugeuka saundi kadi ya matundu 8 ukiichomeka kwa USB. Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Kwanza, umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa (aina isiyofanya kazi bila kupewa umeme) unafika kwenye matundu mangapi, maana kwenye R16 hiyo hiyo ni mawili tu kati ya nane. Pili, kila treki inatoka kama faili ya sauti ya WAV inayoanzia sekunde ile ile ya mwanzo wa wimbo? Zisipoanzia pamoja, utakaa kwenye kompyuta ukizipanga kwa sikio, moja baada ya nyingine.