Leicester ilinirudisha Mkwakwani

Nilipofika Leicester, Uingereza, mwaka 2013, nilipata kazi kwenye ghala la kupanga masanduku. Siku ya kwanza, nilipomaliza kutaja jina langu, swali lililofuata lilikuwa la mpira: timu gani? Nikajibu bila kufikiri, Manchester United. Mzee mmoja Mwingereza tuliyepangwa naye meza moja akanitazama.

"Kwenu Manchester?"

Hapana, nikamwambia, kwetu Tanga.

"Tanga hakuna timu?"

Ipo. Inaitwa Coastal Union. Akaniuliza kama iliwahi kutwaa ubingwa, nikasema ndiyo, mwaka 1988. Akaweka chini sanduku alilolishika. "Sasa mbona hukuitaja?"

Sikuwa na la kumjibu, na lile swali lilinikaa kooni miaka mitatu. Wengi wetu tuliotoka nyumbani tunajua kuulizwa maswali ya kijinga na watu wa huku, kama kwetu tunalala na simba. Hili halikuwa la kijinga. Aliuliza kwa sababu kwake haikuingia akilini mtu azaliwe katika mji wenye timu, tena iliyowahi kuwa bingwa wa nchi, halafu mapenzi yake ayapeleke kwingine. Yeye baba yake alikuwa akimpeleka Filbert Street, uwanja wa zamani wa Leicester City, tangu akiwa mdogo, na tangu hapo hakuwahi kuwa na timu ya pili.

Mwezi Septemba 2014 mzee yule alinipa tiketi ya mwanawe aliyekuwa safarini. Leicester ndiyo kwanza wamepanda daraja, na wageni ni Manchester United hao hao niliokuwa nikijitapa nao. Nimekaa katikati ya watu wa bluu, moyoni mwekundu. United wakaongoza 3-1. Halafu kikaja kitu ambacho sijawahi kukiona kwa macho yangu kabla ya hapo: Leicester wakafunga manne mfululizo, mechi ikaisha 5-3. Bao la Cambiasso la kusawazisha lilipoingia, bibi wa miaka kama sabini aliyekuwa kulia kwangu alinikumbatia. Hakunijua. Aliona tu mtu kakaa jukwaa la nyumbani, basi huyo ni wa nyumbani. Nilitoka pale nimenyamaza, na sikuwahi tena kusema mimi ni wa United.

Msimu ule Leicester walikuwa wakiburuza mkia mpaka Aprili, wakashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho, wakanusurika na pointi 41. Kiangazi kocha Nigel Pearson akatimuliwa, akaja Claudio Ranieri, ambaye magazeti yalikuwa yakimwona kama mtu aliyepitwa na wakati. Kampuni za kubeti ziliweka ubingwa wa Leicester 5,000 kwa 1. Yaliyofuata msimu wa 2015/16 nyote mnayajua, lakini acheni niyaseme kama mtu aliyekuwa akiishi humo humo mjini.

Ile haikuwa timu ya mastaa. Jamie Vardy alikuwa amefanya kazi kiwandani huku akicheza ligi za chini kabisa. Riyad Mahrez alitoka Le Havre kwa pesa ambayo klabu kubwa hulipa kwa wiki chache za mshahara wa mtu mmoja. N'Golo Kanté alitoka Caen, na wengi hapa mjini hawakujua hata jina lake hutamkwaje. Nahodha Wes Morgan na mwenzake Robert Huth walikuwa mabeki waliokwenda umri, wazito, lakini jaribu kuwapita. Mpira waliwaachia wapinzani wauchezee, kisha Kanté akiunyakua, pasi moja kwa kiungo mwenzake Danny Drinkwater, ya pili mbele, na Vardy tayari kaondoka. Vardy akafunga katika mechi 11 mfululizo za Ligi Kuu, rekodi mpya. Ranieri aliwaahidi wachezaji piza siku watakayomaliza bila kuruhusu bao, wakamfunga Crystal Palace 1-0 mwezi Oktoba, wakaenda kula piza yao. Februari wakaenda kwa Manchester City wakashinda 3-1, na hapo ndipo niliona watu wazima kazini wakianza kuogopa kusema neno "ubingwa" kwa sauti. Waliogopa kulitia nuksi.

Nami nilikuwa nimeishi mtaa ule karibu miaka mitatu bila jirani kujua jina langu. Sisemi kwa kulaumu. Huku ndivyo maisha yalivyo: mtu anatoka asubuhi kichwa chini, anarudi jioni, mlango unafungwa. Nyumbani ukikaa wiki moja bila kuonekana barazani watu wanakuja kuuliza una nini. Huku mwaka wangu wa kwanza niliumwa siku tisa, aliyenigongea alikuwa mleta barua. Lakini kuanzia Machi ile bendera zilitokea madirishani, maduka yakavalishwa bluu, na mtu akikuona na skafu ya timu anakusemesha. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, ambaye hakuwahi kunijibu zaidi ya kutikisa kichwa, alivuka barabara asubuhi moja kuniuliza kama naona Huth atapona kabla ya Jumamosi. Tuliongea nusu saa kwenye baridi. Mpaka leo tunaongea.

Kuna duka pale Belgrave, kwenye ile barabara yenye maduka mengi ya Wahindi, ambako mimi hununua muhogo. Wameandika "mogo", neno letu hilo walilotoka nalo Afrika Mashariki. Mwenye duka ni mzee aliyezaliwa Uganda. Alifika hapa mwaka 1972 baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 waondoke. Mwaka ule halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la huko Uganda kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja. Mzee huyu Kiswahili chake ni kile cha dukani, kifupi kifupi, lakini kizima. Msimu ule alikuwa ametandika skafu ya Leicester City juu ya mzani.

"Shikamoo mzee. Na wewe ni wa timu hii?"

"Marahaba, kijana. Sasa niwe wa nani? Mimi iko hapa miaka arobaini na nne."

Alinifungia muhogo wangu, akakataa pesa. Nilifika nyumbani nikaketi jikoni na koti langu bado mwilini. Mtu aliyetangaziwa gazetini asije ameifanya timu ya mji huu kuwa yake. Mimi niliyezaliwa Ngamiani, Tanga, hatua chache kutoka Barabara ya 11, mji wangu nimeufanyia nini?

Maana ukweli ni huu. Nilikua Simba. Rafiki zangu nusu Simba nusu Yanga, na Jumapili hatuongei. Baba peke yake alibaki Coastal. Mwaka 1988 nilikuwa na miaka minane, akinipeleka Mkwakwani, uwanja wa Coastal, tunakaa mzunguko, kule kwa bei nafuu, ananinunulia kashata, na muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake. Mechi za ugenini tulisikiliza Redio Tanzania, redio imewekwa dirishani ili waliokaa nje nao wasikie. Mwaka ule Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara, na nakumbuka baba alivyorudi usiku viatu mkononi, sauti imekauka. Miaka miwili kabla, Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa. Baadaye Mtibwa Sugar ikachukua mara mbili, 1999 na 2000, timu ya mashamba ya miwa kule Turiani. Yaani sisi tulikuwa na Leicester zetu kabla Leicester hawajawa Leicester. Hatukuandika chochote, hatukujenga chochote juu yake, na sisi watoto wa miji hiyo tukahamia Kariakoo, kwa Simba na Yanga, tukiwa tumelala vitandani kwetu Tanga.

Hii miji miwili inafanana kuliko mtu anavyodhani. Leicester ilikuwa ya soksi, fulana na viatu, viwanda vikafa kimoja kimoja. Tanga ilikuwa ya mkonge, nayo ikabaki na majengo na sifa. Ile bandari, ile reli, baiskeli zetu. Mji wa namna hiyo unahitaji kitu ambacho kila mtu, tajiri na mbeba mizigo, anaweza kusema ni chetu. Leicester waliendelea kwenda uwanjani hata miaka ya njaa. Ndiyo maana bahati ilipokuja iliwakuta wamekaa vitini.

Najua nitajibiwa kwamba ule ni mpira wa pesa. Kweli. Leicester walikuwa na tajiri wa Kithai, Vichai Srivaddhanaprabha, aliyefariki kwa ajali ya helikopta pale pale nje ya uwanja Oktoba 2018, na kuna pesa za televisheni ambazo Coastal Union haiwezi hata kuziota. Sikatai. Na sitaki mtu adhani huku mashabiki ni malaika: Ranieri alitimuliwa Februari 2017, miezi tisa tu baada ya kombe, na jambo lile liliniuma kama nimefukuzwa mimi. Tena kwa shangwe hawatufikii. Huku mechi ikiisha watu wanapanga foleni, wanaingia magarini, kimya. Hakuna ngoma, hakuna utani wa jadi, hakuna kijiwe cha kuichambua mechi mpaka saa sita usiku. Ningepewa nafasi ya kuhamisha kitu kimoja kutoka Tanga kuja hapa, ningehamisha kile kijiwe.

Lakini pesa haielezi yaliyotokea baada ya kombe. Kanté aliuzwa Chelsea kiangazi kile kile, Mahrez akaenda Manchester City baadaye, mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Msimu uliofuata, ligi ya pili, uwanja uliendelea kupokea zaidi ya watu 30,000 kwa wastani kila mechi. Nilikuwamo. Yule bibi aliyenikumbatia 2014 hakuwapo tena, kiti chake amekaa mjukuu wake.

Sasa tazama kwetu. Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, Coastal Union walitoka 3-3 na Yanga, na mabao yote matatu yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman "Sopu". Walifungwa kwa penalti. Wiki chache baadaye Sopu kachukuliwa na Azam. Hilo ni la kawaida, mchezaji lazima apate riziki. Kilichoniumiza ni kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga tuliopo Ulaya, ambalo usiku ule zaidi ya nusu walikuwa wakiishangilia Yanga, na Wanasimba waliobaki walikuwa upande wa Coastal kwa chuki ya Yanga tu. Kundi hilo hilo likipigiwa simu ya msiba au harusi linachanga ndani ya saa mbili. Watu wana mapenzi na Tanga, tena makubwa. Ila kwenye mpira mapenzi hayo wamemkabidhi mtu mwingine. Na Simba au Yanga wakija Mkwakwani, uwanja unajaa vijana wa Tanga wanaoizomea Tanga.

Usiku wa tarehe 2 Mei 2016 nilikuwa kazini, zamu ya jioni. Chelsea na Tottenham, Tottenham wasiposhinda, ubingwa ni wetu. Simu ya mtu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, sisi kumi na wawili tumeizunguka. Tottenham wanaongoza 2-0. Cahill wa Chelsea akarudisha moja. Dakika ya 83 Hazard akauzungusha mpira pembeni juu, 2-2, na yule mzee wa siku ya kwanza akaketi chini sakafuni, mgongo kwenye masanduku, akalia. Saa nne usiku tulitoka, magari yote mjini yanapiga honi, tukatembea kwa miguu mpaka uwanjani ambako hakukuwa na mechi yoyote, ili tu tuwe pale. Nikampigia baba. Tanga ilikuwa imeshapita saa sita usiku.

"Nani kafa?" ndilo neno lake la kwanza. Simu ya saa ile kutoka ughaibuni huwa ya msiba.

"Shikamoo baba. Hajafa mtu. Tumechukua ubingwa!"

Akanyamaza kidogo. "Nani? Coastal?"

"Leicester, baba."

"Ahaa." Nikasikia anajiinua kitandani. "Haya, hongera mwanangu. Sasa umejua."

Wiki mbili baadaye, kwenye gwaride la kombe, inakadiriwa watu 240,000 walijaa barabarani, na mimi katika umati ule nilikuwa nikiwaza neno lile moja.

Likizo yangu ya mwaka 2024 ilikutana na msimu mzuri wa Coastal, ule waliomaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Niliwakatia tiketi za jukwaa kuu, baba na mpwa wangu wa miaka kumi aliyekuja na jezi ya Arsenal. Baba akakataa. Anatembea kwa fimbo sasa, lakini tulizunguka naye mpaka upande ule ule wa mwaka 1988, akatandika leso kwenye zege, akaketi. Watu walikuwa wachache, wageni hawakuwa timu ya Kariakoo. Mpwa wangu kipindi cha kwanza chote alikuwa na simu yangu. Mapumziko baba akamnunulia kashata, akaanza kumtajia wachezaji mmoja mmoja kwa namba zao, huyu anatoka wapi, yule anapenda mguu gani. Kipindi cha pili dakika ya kumi hivi, winga wetu akapokea mpira pembeni upande wetu, na yule mtoto alikuwa amesimama.