Roki ya Progresivu kwa Sauti ya Pande Zote: Kinachopatikana na Kinachopotea

Jioni moja ya mwezi wa Mei, majira ambayo mvua za Dodoma zimekwisha na paa la bati halina kelele tena, tulikaa watu watatu sebuleni kwangu Ilazo tukaisikiliza albamu moja mara mbili mfululizo. Albamu yenyewe ni ya roki ya progresivu, In the Court of the Crimson King, ambayo kundi la King Crimson la Uingereza liliitoa mwaka 1969. Mara ya kwanza tuliisikiliza kwa spika mbili, kama ilivyochanganywa na vijana wale walioirekodi. Mara ya pili tuliisikiliza kwa spika tano na sabufa, yaani spika ya sauti nzito, katika mchanganyo mpya ambao Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza, aliuandaa akishirikiana na Robert Fripp, mpiga gitaa wa kundi hilo, ukatolewa mwaka 2009. Ilipokwisha, mwenzetu mmoja anayefundisha muziki alisema kwa uchungu kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa kazi ile ilikamilika mwaka 1969, na kuifungua tena ni sawa na kupanga upya beti za malenga aliyekwisha kulitoa shairi lake mikononi. Mimi niliipenda mno ile mara ya pili, na bado naipenda, lakini hoja yake ni nzito na inastahili kupimwa kwa haki.

Roki ya progresivu ilistawi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, na tabia yake kubwa ni kujaza. Wimbo mmoja unaweza kuchukua upande mzima wa santuri: ule unaoipa jina albamu ya Close to the Edge ya kundi la Yes, ya mwaka 1972, una zaidi ya dakika 18, na Thick as a Brick ya Jethro Tull, ya mwaka huohuo, ni wimbo mmoja uliokatwa katikati kwa sababu tu santuri ilipaswa kugeuzwa. Ndani ya urefu huo mna magitaa, vinanda vya aina nyingi, filimbi, saksafoni, Mellotron, yaani kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta kipande cha mkanda uliorekodiwa fidla, filimbi au kwaya, pamoja na sauti za waimbaji zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Yote hayo yalirekodiwa kwenye mkanda mpana wenye njia nane au kumi na sita, kila njia ikibeba chombo chake au kikundi cha vyombo, kisha fundi mitambo na wanamuziki wakayashindilia katika njia mbili za stirio. Kuchanganya upya ni kurudi kwenye mkanda ule mpana, kabla ya kushindilia.

Hoja ya kwanza ya wanaoutetea mchanganyo mpya inatokana na namna sikio linavyofanya kazi, na kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mtu akisimama katikati ya Soko la Majengo asubuhi, anaweza kumsikiliza muuza nyanya aliye kushotoni kwake huku mashine ya kusaga ikinguruma nyuma yake na konda akiita abiria barabarani, kwa kuwa kila sauti inamjia kutoka upande wake, na ubongo unazitenga kwa kulinganisha kinachofika sikio la kulia na kinachofika la kushoto. Akilirekodi soko hilohilo kwa simu yenye maikrofoni moja na kulisikiliza nyumbani, atakuta maneno ya muuza nyanya yamezama. Sauti zinazokaribiana kwa wembamba au uzito wake hufunikana zinapotoka mahali pamoja, na hufunuka zinapotenganishwa kwa pande. Muziki uliojazwa namna ile ndio unaopata faida kubwa zaidi. Wimbo wa On Reflection wa kundi la Gentle Giant, katika albamu ya Free Hand ya mwaka 1975, huanza kwa sauti za waimbaji zinazoingia moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na mwendo wake. Kwa spika mbili nilikuwa naufuata mwendo wa kwanza na wa pili, wa tatu ukinipotea; katika mchanganyo wa Wilson wa mwaka 2021 niliufuata wa nne tangu ulipoingia hadi ulipofika mwisho, baada ya miaka mingi ya kudhani kwamba naujua wimbo ule.

Aliyewahi kusimama karibu na akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme, Chamwino au Bahi, atalielewa jambo hili kwa haraka. Uimbaji wa Kigogo ni wa sauti nyingi, kila kikundi kikishika njia yake, na utamu wake humfikia kamili yule aliye karibu kiasi cha kuzisikia sauti hizo zikimjia kutoka mahali mbalimbali. Kwa sababu hiyo siikubali dhana kwamba kuzungukwa na muziki ni anasa ya mitambo, maana spika mbili mbele ya mtu aliyekaa kimya ndizo desturi iliyokuja baadaye.

Hoja ya pili ni ya kifundi. Mwaka 1969, njia nane zilipojaa, waliokuwa katika studio ya Wessex, London, walilazimika kuzikusanya njia kadhaa na kuzinakili kwenye mkanda mwingine ili wapate nafasi ya kuongeza vyombo, na kila nakala ya mkanda huongeza mvumo na kupunguza ung'avu. Kwa ajili ya toleo la 2009, mikanda ya mwanzo kabisa, ile ya kabla ya kunakiliwa, ilitumika, ikapangwa sambamba kwa kompyuta. Maana yake ni kwamba ngoma tunazozisikia leo ziko karibu zaidi na siku ya kurekodiwa kuliko zilivyokuwa kwenye santuri ya kwanza. Vivyo hivyo Aqualung ya Jethro Tull, ya mwaka 1971, ambayo sauti yake ya ufinyu ililalamikiwa tangu mwanzo: mchanganyo wa mwaka 2011 uliifungua, na sijakutana na msikilizaji makini aliyetamani kuurudia ukungu wa zamani.

Aidha, si kweli kwamba spika za nyuma zimebandikwa na watu wa zama hizi juu ya kazi ambayo haikuziwaza. Kundi la Pink Floyd lilirusha sauti kuzunguka ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, mwezi Mei 1967, kwa kifaa chenye fimbo za kuongozea. Saa zinazogonga mwanzoni mwa wimbo wa Time, katika albamu yao ya The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973, zilirekodiwa na fundi Alan Parsons, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa sauti ya spika nne, kabla hazijaingia kwenye albamu. Parsons huyohuyo akaichanganya albamu nzima kwa spika nne. Sauti hiyo ilikufa katika miaka ile kwa sababu kampuni zilishindana kwa mifumo isiyoelewana, SQ, QS na CD-4, na aliyenunua mtambo wa mfumo mmoja hakuweza kufaidi ipasavyo santuri za mfumo mwingine.

Hata hivyo, hoja ya mwenzetu haijajibiwa na yote hayo. Kwa kundi kama Yes, kuchanganya kulikuwa sehemu ya kutunga. Close to the Edge ilijengwa katika studio ya Advision vipande kwa vipande, pamoja na fundi Eddy Offord, mikanda ikikatwa na kuunganishwa, na uamuzi kwamba kinanda kitangulie hapa na gitaa lizame pale haukuwa kazi ya karani aliyekuja baada ya watunzi kuondoka. Wilson analijua hili, na ninamheshimu kwa utaratibu wake: kwanza hujenga upya stirio ya zamani kwa kuilinganisha na ile ya asili hatua kwa hatua, na baada ya hapo ndipo huisambaza kwenye spika nyingine. Lakini uaminifu wa mwigaji bado ni uaminifu wa mtu wa pili.

Idhini ya mwanamuziki mwenyewe hutajwa mara nyingi kana kwamba inaumaliza mjadala. Fripp aliyeubariki mchanganyo wa 2009 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na Fripp aliyeirekodi albamu alikuwa kijana wa miaka 23. Kwa haki za kisheria ni mtu mmoja. Kwa sikio na kwa hamu, siamini kwamba ni mmoja. Ushahidi umo ndani ya toleo lenyewe. Wimbo wa Moonchild, wenye dakika kama 12, sehemu kubwa ikiwa ni vyombo vinavyonong'onezana bila mpango uliotangulia, ulifupishwa kwa dakika kadhaa katika mchanganyo mpya wa stirio, na urefu wake kamili ukawekwa kando kama nyongeza. Mtu anaweza kusema kwamba dakika zile zilichosha wengi tangu zamani. Mimi nasema zilikuwa pumzi ya albamu, na mzee hakuwa na sababu ya kutosha ya kumkatiza kijana.

Kuna hasara nyingine ambayo watetezi wenzangu huipita haraka. Bendi ya roki hupiga kwa pamoja, na kishindo chake kinategemea umoja huo. Katika 21st Century Schizoid Man, wimbo unaofungua albamu ya King Crimson, kuna mahali ambapo vyombo vyote vinakimbia pamoja, vinakatika pamoja na kuanza tena pamoja. Kwa spika mbili kishindo kile kinakuja kama jiwe moja; kwa spika tano, masikioni mwangu, kinakuja kama kokoto. Kinyume chake ni Epitaph, wimbo mwingine wa albamu hiyohiyo, ambamo Mellotron hutanda kama wingu: huko kusambazwa kunaufaa wimbo, na sebule inageuka bonde. Ndiyo maana hukumu ya jumla kuhusu albamu nzima hainiridhishi, na napenda kuhukumu wimbo kwa wimbo.

Halafu kuna nyumba zenyewe. Mpangilio uliokubalika wa spika tano unataka moja iwe mbele katikati, mbili ziwe nyuzi 30 kushoto na kulia, na mbili ziwe nyuma kidogo ya masikio, kwenye nyuzi 110 hivi, zote zikiwa umbali sawa kutoka kwa msikilizaji. Sebule nyingi za Dodoma, kuanzia Kisasa hadi Nzuguni, zimepangwa sofa zikiegemea ukuta ili katikati pabaki zulia na meza, kwa hiyo nyuma ya msikilizaji hapana nafasi ya spika yoyote. Ukuta ni wa tofali, sakafu ni ya marumaru, dari ni ya jipsamu, na vyote vitatu hurudisha sauti, hata kile kilichotenganishwa kwa uangalifu studioni kikachanganyika tena kabla hakijafika sikioni. Nilisaidika kwa zulia nene, mapazia mazito na kabati la vitabu ukutani. Sikusaidika kwa jambo moja: kiti cha katikati ni kimoja. Jioni ile ya Mei tulipokezana, wawili wakisubiri pembeni wakisikia zaidi spika iliyo karibu nao. Katika nyumba ambayo redio huwekwa ili waliomo wote wasikie, na mgeni akija hupewa kiti kizuri, muziki wa mtu mmoja una ukakasi ambao bei ya mtambo haiuelezi.

Wengine hukimbilia hedifoni, hasa tangu mwaka 2021, huduma ya Apple Music ilipoanza kutoa nyimbo za Dolby Atmos, mfumo wa sauti ya pande zote, kwenye simu. Njia hiyo ni rahisi na ina faida yake, lakini hukisia umbo la sikio la mtu wa wastani, na kwangu kinachopaswa kuwa nyuma husikika ndani ya kichwa. Sihukumu mchanganyo wowote kwa njia hiyo.

Kikwazo kisichoondolewa na fedha wala kabati la vitabu ni mikanda yenyewe. Mwaka 2017 Gentle Giant walitoa Three Piece Suite, iliyochanganywa na Wilson kutoka albamu zao tatu za mwanzo, na nyimbo zilizomo ni zile tu ambazo mikanda yake ya njia nyingi ilikuwa imesalimika. Nyimbo nyingine za albamu hizo zimebaki na stirio yake ya zamani. Mtu akisema kwamba mchanganyo wa zamani ni kitu cha kupitwa na wakati, nyimbo hizo ndizo jibu langu: fundi wa mwaka 1971 ndiye aliyezifikisha kwetu.

Kwa hiyo kinachoniogofya zaidi ni mchanganyo mpya unaochukua kiti cha ule wa zamani. Albamu za kundi la Genesis zilichanganywa upya na fundi Nick Davis na kutolewa kati ya mwaka 2007 na 2008, kwa spika tano na kwa stirio, na diski zilizouzwa madukani baada ya hapo zilibeba stirio hiyo mpya. Kijana wa leo anaweza kumpenda Peter Gabriel, mwimbaji wa Genesis hadi mwaka 1975, ambaye baadaye kampuni yake ya Real World ilitoa muziki wa Hukwe Zawose, Mgogo wa hukuhuku kwetu, asijue kamwe kwamba anachokisikia si kile kilichotoka mwaka 1973. Hapo msimamo wa mwenzetu na wangu unakutana: mchanganyo mpya ni usomaji wa kazi, na usomaji unahitaji maandishi yabaki mezani. Sanduku la The Dark Side of the Moon la mwaka 2011 lilifanya hivyo, kwa kuweka pamoja stirio ya mwaka 1973, spika nne za Parsons za mwaka huohuo, na spika tano za fundi James Guthrie za mwaka 2003. Aliye nalo anaweza kuzisikiliza saa zile mara tatu, kila mara zikigonga kutoka pembe nyingine ya chumba, na kuamua mwenyewe ni wapi zilipaswa kutundikwa.