Mzinga au mortari: Wajerumani waliwapa askari wa miguu silaha sahihi?

Vita Kuu ya Kwanza iliwafundisha Wajerumani somo chungu: waya wa simu ukikatwa na makombora, kikosi kilichobanwa na bombomu hakina namna ya kuita mizinga iliyo kilomita kadhaa nyuma. Ndipo wakaamua kwamba kamanda wa rejimenti awe na mizinga yake mwenyewe. Kampuni ya Rheinmetall ilianza kusanifu mzinga mwepesi wa askari wa miguu, leIG 18 ya milimita 75, mwaka 1927, ikafuatiwa na mzinga mzito, sIG 33 ya milimita 150. Vita vya 1939 vilipoanza, kombania ya 13 ya rejimenti ya kawaida, ile ya mizinga, ilipaswa kuwa na leIG 18 sita na sIG 33 mbili.

Wapinzani wa uamuzi huo, wanaosema mortari ingetosha, wana hoja nzito, nayo ni uzito wenyewe. Mortari, yaani bomba linalorusha kombora juu kwa juu, ya aina ya GrW 34 ya milimita 81 ilikuwa na kilo 60 hivi. Ilifunguliwa vipande vitatu, mtutu, miguu na kitako, na kila kimoja kikabebwa na mtu mmoja. Ilirusha kombora la kilo 3.5 hadi mita 2,400. leIG 18 ilirusha kombora la kilo 6 hadi kilomita 3.5 hivi, lakini ilikuwa na kilo 400. Tena mtutu wa mortari ni bomba laini lisilo na mifereji, na utengenezaji wake ni rahisi kuliko wa mzinga wenye magurudumu na mitambo ya kupokea msukumo.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haigusi kazi moja muhimu. Mortari hurusha juu kwa juu tu, kuanzia nyuzi 45. Tundu la kufyatulia risasi kwenye ukuta wa zege haiwezi kulilenga moja kwa moja. leIG 18 ililenga shabaha iliyoonekana kwa macho, na hapohapo mtutu wake uliweza kuinuliwa kupita nyuzi 70 ili kumpiga adui aliyejificha nyuma ya kilima. Kimo chake kifupi kilirahisisha kuuficha, na watu wake waliweza kuusukuma kwa mikono hatua za mwisho. Kwangu mimi, mzinga huu ulistahili nafasi yake.

sIG 33 siitetei kwa nguvu hiyo. Kombora lake la kilo 38 lilibomoa nyumba, sawa, lakini mzinga ulizidi kilo 1,700 na ulivutwa na farasi. Katika matope ya Urusi, farasi wakifa au wakichoka, silaha inabaki njiani huku kikosi kikisonga. Kuusogeza kwa mikono hadi mahali pa kulenga moja kwa moja kulimaanisha kuwaweka watu wengi wazi mbele ya risasi. Mwaka 1940 Wajerumani walipandisha 38 kati yake juu ya vifaru vya Panzer I. Lilipatikana gari refu mno kwenda juu, lenye chasisi iliyoelemewa.

Urusi ndiko jibu lilikotoka. Mortari ya Kisovieti ya milimita 120 iliwavutia Wajerumani hadi wakainakili kuwa GrW 42: chini ya kilo 300, kombora la kilo 15 na zaidi, masafa ya takriban kilomita 6. Katika rejimenti za volksgrenadier, askari wa miguu wa Kijerumani waliopangwa upya mwaka 1944, kombania ya 13 ilipangiwa mortari nane za aina hiyo na mizinga minne ya milimita 75. Ule wa milimita 150 haukuwekwa.